Mzee Sufiani Mndolwa na Bwawa Lililobeba Jina Lake

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Kampuni ya Lwengera Viwanja na Lami, Mzee Sufiani Mndolwa, kiongozi wa kikosi cha kutandaza, anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni 2026. Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike wasifu wake kwa lugha ya heshima. Nilimjibu kwamba amekosea mlango. Mimi ni Msambaa wa Mpale, mzee ni Mzigua wa Chanika pale Handeni, na sisi ni watani tangu siku ya kwanza tulipoonana. Mtani akisifu tu bila kuchokoza, watu hudhani kuna msiba. Kwa hiyo heshima itakuwepo, lakini itakuja na chumvi yake.

Kwa wasionifahamu, naitwa Loyce Shemweta, mpangaji wa safari za magari ya kampuni. Mimi ndiye ninayejua tipa ipi imeondoka mtamboni, imefika wapi, na lami iliyomo bado ni ya moto au imeanza kununa. Kwa sababu hiyo Mzee Sufiani hunipigia simu kila asubuhi kabla sijafunga kilemba. Kwanza anangoja shikamoo yake, anaitikia marahaba kwa madaha kama chifu, kisha anauliza tipa ziko wapi. Hata siku za mapumziko anapiga. Nikimwambia leo ni Jumapili, mzee, hakuna tipa barabarani, anasema anajua, alitaka tu kuhakikisha.

Alipoajiriwa, Julai 1995, kampuni ilikuwa na greda moja iliyowaka kwa dua. Yeye alipewa reki na kuonyeshwa rundo la kifusi. Zama hizo uwanja wa kifusi ulikuwa fahari. Mwenye nyumba ya wageni akimwagiwa kifusi mbele ya mlango wake alialika majirani waje kutazama. Lakini magari yaliongezeka, na kila mtu akauona upande wa pili wa kifusi: kiangazi ni vumbi mpaka ndani ya chai, masika ni tope mpaka magotini. Pale Chanika alikuwepo mshonaji aliyetazamana na uwanja wa kituo cha mafuta. Alikuwa anatundika magauni ya harusi meupe asubuhi, na jioni anayashusha yana rangi ya tofali. Uwanja ule ulipowekwa lami na kikosi cha Mzee Sufiani, mshonaji alilia kwa furaha, akamshonea mzee kanzu nyeupe pe. Ndiyo kanzu anayoivaa Idi mpaka leo, na mkae mkijua kwamba kanzu hiyo itarudi tena katika habari hii.

Wateja wetu wengi hudhani kugeuza uwanja wa kifusi kuwa wa lami ni kumwaga lami juu ya kilichopo, basi, kazi imekwisha. Mzee Sufiani amewapokea wenye hoteli, wenye maghala na wenye vituo vya mabasi wakiwa na wazo hilohilo, na wote amewapa jibu moja: lami ni shuka, kifusi ndicho kitanda. Kitanda kikiwa kimevunjika chaga, hata ukitandika shuka la hariri utaamka mgongo unauma. Baada ya hapo huomba aonyeshwe mtu anayeufagia uwanja huo. Simaanishi mwenye uwanja, hapana. Anamtaka mwenye ufagio. Kwa imani yake hakuna anayejua mahali maji yanapolala kuliko mtu anayeyapiga ufagio kila asubuhi.

Kisha kazi inaanza, na hapo ndipo utampenda. Greda inakwangua juu, udongo mweusi wa mfinyanzi unaondolewa wote bila huruma, kifusi kipya kinamwagwa, kinanyweshwa maji, shindilia, ule mtambo wa gurudumu la chuma, inapita na kurudi mpaka ardhi inaanza kutoa sauti ya sakafu. Sadala, dereva wetu wa shindilia, anasema mzee huwa anatembea nyuma ya mtambo kama mtu anayefuata jeneza, kichwa chini, akisikiliza. Halafu inanyunyiziwa lami nyepesi ya kushikisha, inaachwa ikauke. Baada ya hapo, kabla lami ya moto haijaletwa, mzee huagiza ndoo ya maji.

Ndoo hii imekuwa kichekesho cha kampuni nzima. Mhandisi Yuditha, ambaye vipimo vyake havijawahi kututupa, huwa ameshapima mteremko wa uwanja wote na kuridhika. Mzee huvisifu vipimo, huvishukuru, kisha huchukua ndoo yake, huenda pembe ya juu, na kumwaga. Anaweka mikono mgongoni, anayafuata maji hatua kwa hatua mpaka yanapoingia mferejini. Akiona yameingia, anarudi akitabasamu kama aliyefikisha mgeni wake stendi salama. Vijana wa kikosi huita jambo hilo kusindikiza maji. Wapya wanapocheka, wa zamani huwanyamazisha, maana wanajua ndoo hiyo ilizaliwa wapi.

Ilizaliwa Manundu, Korogwe, katika yadi ya maghala ya nafaka ya Mzee Salimu. Huo ndio ulikuwa uwanja wa kwanza wa lami ambao Mzee Sufiani aliongoza mwenyewe, na kwa kweli ulipendeza. Siku ya ufunguzi kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, mgeni wa heshima na pilau ya kutosha. Mzee, wakati huo bado kijana mwenye sharubu, alipewa nafasi ya kuzungumza na akaitumia yote. Aliwaahidi watu kwamba tope limekuwa historia. Sahani zilikuwa bado mikononi mvua ilipoanguka, na watu walipotazama chini wakaona maji yanakusanyika katikati ya yadi, chini ya kiti cha mgeni wa heshima. Hayakuondoka. Kabla pilau haijaisha, bata wa jirani walikuwa wamekwishafika, wakaingia majini bila hodi na kuanza kuogelea.

Korogwe haikumsamehe. Madereva wa malori walipaita Bwawa la Sufiani, na jina likashika kuliko lami. Bodaboda wakalifanya kituo. Wakulima walioleta mahindi kutoka Mkata na maharage kutoka kwetu milimani wakalijua bwawa kabla ya kumjua mwenye ghala. Mzee alikwenda kwa Mzee Salimu zaidi ya mara moja kuomba arudishiwe uwanja ule hata kwa siku chache apasahihishe. Mzee Salimu, mfanyabiashara kweli huyo, alikataa kwa upole na kumkaribisha kahawa. Alisema lile dimbwi halijamzuia mteja hata mmoja. Jina lake ndilo linalowaleta. Mtu atafute bango la kulipia la nini na bwawa analo?

Tulicheka wote, na mimi nikiwa mtani nilicheka kuwapita wenzangu. Nilimletea zawadi ya samaki wabichi kutoka sokoni nikamwambia wamevuliwa bwawani kwake. Siku ya posa ya binti yake, wakwe walielekezwa kwa simu kwamba wakifika Bwawa la Sufiani wakate kulia, na wakafika wakiuliza kama bwawa hilo ni mali ya familia. Mzee alicheka nao. Lakini sisi tuliomzoea tuliona kwamba akiwa Korogwe huzunguka mitaa ya nyuma ili asipite Manundu. Siku moja ya mwaka jana tukiwa tunakunywa chai, bila utani wowote, aliniambia kwamba kustaafu hakumtishi. Kinachomtisha ni kuondoka kazini huku jina lake likiwa limelala chini pale, watu wakilikanyaga na bata wakiliogelea. Nilimwongezea chai.

Basi tangu yadi ile, hakuna uwanja alioukabidhi bila ndoo. Maghala, vituo vya mafuta, nyumba za wageni, maduka ya vifaa vya ujenzi, kote alimwaga na kusindikiza. Mahali pekee ambapo ndoo ilimshinda ni kwetu Mpale, tulipojenga uwanja wa soko la mboga. Huyu bwana wa tambarare alifika na mahubiri yake ya mteremko, akakuta kwetu mteremko ndio ulimkaribisha. Alimwaga maji, akaweka mikono mgongoni tayari kusindikiza, na kabla hajainua mguu maji yalikuwa yameshafika bondeni kwa shangazi yangu. Ilibidi tujenge matuta ya kuyachelewesha. Mama zangu wadogo bado wanamwita Mzigua aliyeachwa na maji, na mimi sina mpango wa kuwakataza.

Sasa nifike Mkata, kwa sababu bila Mkata wasifu huu hauna mgongo. Februari mwaka huu tulikuwa tunamalizia uwanja wa mgahawa wa Mama Hafsa, pale barabarani ambapo mabasi husimama ili abiria wale chakula na kujinyoosha. Ulikuwa uwanja mkubwa wa kifusi, na vumbi lake lilikuwa limeanza kuwachosha wenye mabasi. Mzee alisema wazi kuwa ndio uwanja wake wa mwisho na kwamba anautaka uwe safi kama sahani ya mgeni. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka siku ya ndoo.

Siku hiyo, hakumwaga. Mkata ilikuwa kavu. Bomba lilikuwa limekaa wiki nzima bila kutoa hata kikohozi, na kina mama wanaouza machungwa na mihogo kando ya uwanja walikuwa wanafuata maji mbali na kurudi na madumu kichwani. Boza letu la maji lilisimama pale limejaa. Mzee aliliangalia, akawaangalia wale kina mama, akaamuru maji yote wagawiwe wao. Ndoo yake alimpa Munira, kiongozi wa wauza machungwa, ajaze ya nyumbani. Yuditha alimwambia asiwe na wasiwasi, vipimo vinasema uwanja uko sawa. Mzee alikubali, lakini jioni ile alinipigia simu akaniuliza tipa ziko wapi, wakati tipa zote zilikuwa zimelala mtamboni na yeye anajua.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya lami ya moto. Niliamka alfajiri, nikazitoa tipa huku upande wa Korogwe, turubai zimefungwa vizuri, lami inafuka. Nilikuwa na raha zangu. Ya kwanza ilikuwa imeshaipita Segera simu ilipoita, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kufahamiana kwetu Mzee Sufiani hakungoja shikamoo. Alitaka tipa zisimame. Uwanja ulikuwa umelowa chepechepe.

Mvua haikunyesha. Walikuwa ni kina mama. Nyumbani kwetu mgeni mkubwa akitarajiwa, unafanya nini? Unaamka mapema, unafagia uwanja, unaunyunyizia maji vumbi lilale, ili mgeni akute mahali panapomngoja. Munira na wenzake waliambiwa leo ndiyo siku kubwa, lami inakuja. Wakaamka, wakafagia, na yale maji waliyogawiwa jana, maji ambayo wangeweza kupikia na kufulia, wakayachukua nusu yake wakayanyunyizia uwanja mzima kwa heshima ya Mzee Sufiani. Walipomwona anashuka kwenye gari walipiga vigelegele. Naye alisimama akiwa ameshika kichwa, maana lami ya moto na uwanja wa maji havipatani hata kidogo; lami itavimba, itabanduka, na kazi ya wiki itaharibika kwa asubuhi moja.

Sadala ndiye aliyenisimulia kilichofuata, na Sadala haongezi chumvi, hiyo ni kazi yangu. Anasema mzee alifungua kinywa kugomba. Halafu aliona vigelegele vinakufa midomoni mwa wale kina mama, akaona madumu matupu, akakifunga. Badala ya kugomba aliwashukuru kwa kumpokea, akawaeleza taratibu kwamba mgeni huyu, lami, ana tabia mbaya, hapendi kuoga. Kina mama waliangua kicheko. Kisha yeye akageuka kuutazama uwanja.

Maji yalikuwa yanaondoka. Upande wote wa juu ulikuwa umeshaanza kung'aa na kukauka, maji yanateremka kwa mstari kuelekea mferejini kama yalivyotakiwa. Yote, isipokuwa mahali pamoja. Mbele ya mlango wa Mama Hafsa, pale ambapo mabasi yangesimama na abiria kushuka, palikuwa na dimbwi la upana wa meza mbili, limetulia tuli. Yuditha alikuja, akapima tena, akakuta sehemu ile imezama kidogo tu, kiasi ambacho jana kilijificha kati ya kipimo na kipimo. Alisema waziwazi mbele ya kikosi kwamba vipimo vyake vilipita kulia na kushoto ya shimo na maji ndiyo yaliyolikuta. Mzee alibaki kulikodolea macho lile dimbwi. Kama si kina mama wa Mkata, uwanja wake wa mwisho ungekuwa na bwawa, na Mungu anajua lingeitwaje.

Mzee na Yuditha walikaa chini palepale, wakakubaliana, na baada ya hapo ilikuwa mchakamchaka. Mama Hafsa alitoa madekio yote ya mgahawa. Munira na wenzake walivua khanga za juu wakaanza kukausha. Basi moja lilisimama kwa ajili ya chai, na abiria wakajikuta wameshikishwa magunia. Hata kondakta aliinama. Mimi huku nilizipanga upya tipa: ya kwanza iende taratibu, za nyuma zisisogee mpaka niseme. Tipa ya kwanza ilipoingia, lile dimbwi lilikuwa limekauka kabisa. Wakajaza kwanza pale palipozama kwa lami ya kusawazisha, Sadala akapashindilia ikiwa bado inafuka, kisha wakaanza kutandaza kutoka juu kushuka chini. Lami ilifika ikiwa na joto lake. Jua lilipozama, uwanja ulikuwa mweusi, mpana, umenyooka, na kina mama walikuwa wamekaa pembeni wamevua viatu wakingoja ipoe ili wapite wa kwanza.

Masika ilipofika, Mama Hafsa alimpigia mzee mvua ikiwa inapiga bati kiasi kwamba hawasikilizani. Mzee aliuliza jambo moja tu, maji yako wapi. Alipoambiwa yako mferejini, alikata simu bila kuaga, kisha akanipigia mimi kunieleza. Nilifurahi mpaka nikapika wali siku ya kazi.

Lakini baada ya furaha hiyo likabaki lile la Manundu. Nilifikiri hivi: ikiwa kina mama wa Mkata, ambao hawamfahamu, waliweza kumwaga maji yao kwa ajili yake, sisi tuliokula naye miaka yote tutampa zawadi ya kuagwa ya bati na blanketi tu? Nilikwenda Chanika kwa mkewe, Bi Chausiku, tukapanda gari pamoja mpaka kwa Mzee Salimu. Mimi niliongea sana, nikatoa hoja, nikasifia ghala, nikapewa kahawa kama kawaida. Bi Chausiku hakusema mengi. Alimwambia tu kwamba mume wake anazunguka mitaa ya nyuma ili asipite hapa, na kwamba angependa uzeeni wapite wote wawili kwa barabara kubwa. Mzee Salimu aliweka kikombe chini. Alikubali, kwa sharti moja: jina libaki.

Jumapili ya tarehe 14 Juni, Bi Chausiku alimfungia mumewe Handeni kwa kazi ya kujenga banda la kuku ambalo kuku wake walikuwa hawajawahi kuliomba. Kikosi kizima kilijitokeza Manundu bila kuitwa mara mbili. Walikata lami ya zamani, wakachimba mpaka walipokuta kilichokuwa kinasumbua miaka yote, udongo mweusi uliosahaulika chini. Wakautoa, wakajaza kifusi, wakashindilia, wakatandaza lami mpya na kuufungulia mteremko mpaka mferejini. Yuditha alipima safari hii kwa kulia, kushoto, katikati na kwa msalaba. Kitu kimoja hatukukifanya. Ndoo hatukuigusa.

Sherehe ya kumuaga ikafanyika palepale Jumamosi ya tarehe 20. Tulitandika mikeka mikubwa juu ya kiraka kipya, tukaweka meza kuu, na kiti cha mzee katikati kabisa. Mzee alishuka kwenye gari akiwa na ile kanzu nyeupe ya mshonaji wa Chanika. Aliona kiti chake kimewekwa wapi, akanitafuta kwa macho. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mtani wake ameamua leo amkalishe juu ya bwawa lake ili atuage akiwa kwao. Mzigua anaweza kukasirika kwa mambo mengi, lakini si kwa neno la mtani. Alitikisa kichwa, akacheka kidogo, akakaa. Kicheko hicho kilinichoma, sifichi, nikajikaza.

Hotuba zilipoisha nilidai zamu yangu. Nilimwomba asimame, nikaomba meza isogezwe, vijana wakaikunja mikeka. Pale chini pakatokea lami nyeusi mpya ikiwa imezungukwa na ile ya zamani iliyopauka. Mzee aliitazama kwa muda, kisha, na hapo ndipo mtajua ni mtu wa aina gani, aliuliza chini yake mmeweka nini. Sadala alimjibu tabaka kwa tabaka kama mwanafunzi anayesoma sura msikitini. Mzee akauliza kama maji yameshamwagwa. Yuditha alimletea ndoo.

Alikunja mikono ya kanzu. Alimwaga polepole, katikati, palepale palipokuwa na kiti cha mgeni wa heshima siku ile ya pilau. Maji yalitulia. Naapa yalitulia, na nikamwona Bi Chausiku ameshika mtandio mdomoni. Halafu upande mmoja ukajitokeza ulimi mdogo wa maji, ukasita, ukaanza kwenda. Mengine yakaufuata. Mzee aliweka mikono mgongoni, akaanza kuyasindikiza. Akapita mbele ya meza ya wazee, akapita kwenye sufuria za pilau, na sisi tukainuka mmoja baada ya mwingine tukamfuata, wafanyakazi, madereva wa malori, bodaboda, Mzee Salimu na fimbo yake, Munira na wenzake waliokuja kutoka Mkata na gunia la machungwa. Tulikuwa umati mzima unaotembea nyuma ya maji ya ndoo moja.

Yalipoingia mferejini, mzee alipiga magoti kwenye lami na kanzu yake nyeupe, akainama kuhakikisha yote yamekwenda. Alipoinuka alikuwa analia waziwazi, naye hakujifuta. Mtu huyu ambaye hajawahi kuishiwa neno alipewa kipaza sauti mbele ya watu wote, na alichouliza ni kwamba sasa wale bata wa jirani wahamie wapi. Tulicheka mpaka turubai likatikisika. Mzee Salimu alionyesha kwa fimbo juu ya geti, ambako palikuwa na bango jipya lililoandikwa Bwawa la Sufiani, Maghala ya Nafaka. Jina limebaki, maji yamekwenda. Siku hiyo Mzee Sufiani na Bi Chausiku waliondoka Manundu kwa barabara kubwa.

Mzee wetu, kwa niaba ya kampuni, kikosi, Mhandisi Yuditha na watani wako wote wa milimani, asante. Umetufundisha kutazama kitanda kabla ya shuka, kumuuliza mwenye ufagio, na kutomgombeza mtu aliyekumwagia maji yake kwa mapenzi. Watu wa Handeni na Korogwe wanakula chakula kisicho na vumbi na kushuka kwenye mabasi viatu vikiwa vikavu, na wengi wao hawatajua kwamba kuna mtu alitangulia akatembea pale nyuma ya maji. Sisi tunajua. Leo ni zamu yetu kuweka mikono mgongoni tukusindikize wewe mpaka Chanika, kwa Bi Chausiku na kuku wenye banda wasiloliomba. Tunakutakia maisha mema, yenye mteremko mdogo na mfereji ulio wazi.

Na kesho asubuhi, mzee, hakuna haja ya kunipigia kuniuliza tipa ziko wapi. Kijana mpya ameshaelekezwa, pumzika. Au basi, piga. Nitakuwa nimeamka.